Bidoni ya Mama Mkwe

Kosa ni langu. Naanza na hilo, maana nikianza na habari za kombi nitaanza kujitetea. Najijua.

Nina kombi ya zamani hapa Kasongo, ile ya wazungu wa safari, yenye kitanda ndani, mapazia na jiko dogo. Injini yake iko nyuma. Imepita mikono mingi kabla ya kunifikia. Kiangazi, barabara ikipitika, mimi na mke wangu tulikuwa tunaenda nayo Nyangwe kununua samaki, tunalala humo humo. Yeye anapika, mimi nasikiliza injini ikipoa, tunacheka. Mungu hakutupa mtoto, ametupa kombi, ndivyo alivyokuwa akinitania.

Mama yake anakaa Wamaza, huko Kabambare. Alikuwa anatutumia bidoni ya mawese, dumu la plastiki, kwa pikipiki. Na kwetu bidoni ya mtu hairudishwi tupu, sembuse ya mkwe. Unaiosha, unatia chumvi au sabuni, ndipo unairudisha.

Basi siku moja mke wangu alikuwa amemimina mawese kwenye chupa na kuiweka bidoni pembeni ili aje aioshe. Bidoni yangu ya petroli ilikuwa imetoboka. Nikachukua ile ya mkwe, nikaipangusa juu juu kwa kitambaa, nikaenda kununua petroli, nikaimimina yote kwenye tangi la kombi. Bidoni nikaisukuma chini ya kitanda cha gari, nyuma ya vyuma vyangu.

Mke wangu akaitafuta. "Bwana yangu, hukuona bidoni ya mama?"

Nikasema sikuiona. Uongo mdogo tu, wa kukwepa maneno. Nilidhani nitanunua nyingine na mambo yataisha.

Baada ya hapo kombi ikaanza kuugua. Asubuhi nikiiwasha inatetemeka mwili mzima, inakohoa, inatoa mlio nyuma, nikikanyaga mafuta ndiyo inazima kabisa. Nikatoa buji zote, zile plagi za injini, nikazisugua. Nikabadilisha chujio la petroli. Nikavuta waya mmoja mmoja injini ikiwa inawaka, nisikie ni upande upi haufanyi kazi. Wapi! Halafu jua likipanda, mchana, inatulia yenyewe kama hakuna kilichotokea. Kesho yake asubuhi tunaanza upya.

Nikaamua ni maji. Nilijiambia kuna mtu anavuta petroli yangu, esansi kama tunavyoiita huku, na kujaza maji nisijue. Na ufunguo wa kombi tulikuwa nao mimi na mke wangu tu. Kaka yake ana pikipiki, nayo inataka petroli. Mimi nikishapata jibu huwa sitafuti lingine, ndiyo ulemavu wangu.

Nilimwambia mke wangu uwanjani, si ndani. Majirani walikuwa wanatwanga na kufua, nami nikapaza sauti kwa makusudi. Nikamwita mwizi.

Hakulia. Alisema, "Toa esansi kidogo, uweke mu chupa, tuangalie. Kama iko maji, itakaa chini, tutaiona wote."

Ilikuwa kazi ya dakika chache. Nilichomjibu ni hiki: "Weye ndiyo utanifundisha gari?"

Akaniangalia. "Miye sikukamata esansi yako. Na unanijua."

Akafunga nguo zake, akapanda pikipiki kwenda kwa mama yake. Sikumzuia. Nilisimama pale nimeshika spana kama mtu mwenye kazi.

Siku chache baadaye, asubuhi ya baridi ya kiangazi, nikafungua kabureta. Sijui kwa nini sikuifungua tangu mwanzo. Kwenye kile kikombe chake cha chini kulikuwa na kitu cha rangi ya machungwa kimeganda, na kile kitundu kidogo cha kupitisha petroli kilikuwa kimeziba. Nikachukua kidogo kwa kidole, nikanusa. Mawese.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ya mawese. Kila asubuhi ya baridi nimeona chupa imeganda na mama anaiweka karibu na moto, na mchana imekuwa maji tena. Gari lilikuwa linanieleza hivyo hivyo kila siku, asubuhi na mchana, nami nasikia wizi. Nilikaa chini pale nyuma ya kombi, nikalia.

Lakini hilo bado si kosa lenyewe. Kosa lenyewe ni hili. Nilimwaga petroli yote, nikaosha tangi na kabureta, injini ikanguruma vizuri asubuhi ile ile. Mama jirani akasimama na beseni lake, akasema, "Unaona, papa? Tangu mwizi alitoka, gari imepona."

Nikacheka naye. Nilijua ukweli, vidole vyangu bado vinanuka mawese, nikacheka!

Nilikaa na kicheko hicho mpaka kikanishinda. Nikajaza chumvi kwenye bidoni ya mkwe, nikaendesha kombi hadi barabara ilipokataa, nikapanda pikipiki mpaka Wamaza. Jikoni kwa mama yake nikasema kila kitu, bila kuruka neno. Mama mkwe akafungua bidoni, akanusa, akaifunga polepole.

"Chumvi inanuka esansi," alisema. "Na hii bidoni haitaingia tena mawese, mutoto wangu."

Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Hakuacha.

"Nimesikia," akasema. "Lakini unasema hapa, mu jiko ya mama. Mwizi uliniita kule, mbele ya watu. Rudi useme kule. Kisha utanitafuta."

Nikarudi peke yangu. Sasa nalala ndani ya kombi, maana nyumba imekuwa kubwa mno. Injini ni nzima. Sina pa kwenda nayo. Nyangwe nilienda mara moja, nikanunua samaki wa watu wawili kwa mazoea.

Wewe unayesoma, gari likikusumbua, fungua gari kabla ya kufungua mdomo. Na kama umemchafulia mtu jina uwanjani, usijidanganye kwamba utalisafisha jikoni. Wala kuandika hapa bila jina, kama ninavyofanya mimi, hakusafishi kitu. Majirani zangu wakisoma hawatajua ni mimi.

Leo asubuhi nilitoka nje nimekusudia kusema. Maneno nilikuwa nayo tayari. Mama jirani akawahi kunisalimia, akauliza, "Papa, yule mwizi wako hajarudi?"

Nikajibu, "Bado."