Penye Uzembe

Jirani yangu, fundi cherehani, alirekodi albamu na rafiki yake, wao wawili tu, chumbani, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, wakaitoa wenyewe. Mhakiki wa gazeti alizisifu sauti zao, ila wimbo wa mwisho akauponda: walisahau kuzima kinasa sauti, rafiki akasikika akiuliza, "Bibie, nibandike chai?" Uzembe mtupu, aliandika. Sasa rafiki amehamia mbali. Kila asubuhi fundi hulamba ncha ya uzi, huutia sindanoni, kisha huupeleka mbele ule wimbo mpaka hapohapo penye uzembe. Jana nilifuata gauni langu, nikamkuta mguu umetulia juu ya pedeli.

"Bibie, nibandike chai?" spika ikauliza.

"Bandika, mwenzangu," akajibu, hajaniona mlangoni. "Namalizia pindo, nakuja."