Kinundu cha Mtume Petro

Fundi wetu wa kupanga vijiwe vya rangi kwenye kuta za kanisa, hapa Ravena, hulamba kila kijiwe kabla ya kukibandika, kisha humfokea mtakatifu anayemtengeneza: "Tulia, Petro, pua inapinda!" Mimi humkorogea chokaa. Juzi Askofu aliunyooshea fimbo mguu wa mtume.

"Hicho kinundu kando ya kidole gumba ni cha nini?"

"Alitembea sana, Baba Askofu," fundi akajibu.

"Kitoe."

"Chokaa imeshakauka, Baba."

Uongo mtupu, niliikoroga dakika ileile. Jumapili waumini walipanga foleni kuubusu mguu. Mke wa fundi alipofika, aliinama, akaganda, akavuta gauni kufunika mguu wake wenye kinundu kilekile.

"Tutaonana nyumbani," akamwambia mumewe.