Mfalme, Mwindaji na Mguu wa Baba

Nilichora mstari katikati ya ubao. Kushoto niliandika mfalme wa tamthilia ya ng'ambo, aliyeonywa na mshauri wake asivuke mto kwenda vitani, akavuka. Kulia nikaandika mwindaji wa hadithi ya kwetu Kisarawe, aliyeonywa na mkewe asiingie msituni, akaingia. Hakuna aliyerudi. Kidato cha sita walitakiwa waniambie nani shujaa zaidi, na majibu nilikuwa nayo, maana somo hili nalifundisha hapa Kibaha kila mwaka.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona wa kwao akifa analiliwa, wa kwetu akifa anachekwa?"

Nilimjibu kwa maneno mengi ya kitaalamu ambayo hata mimi sikuyaelewa. Akili yangu ilikuwa imeshakwenda kwa baba.

Miezi mitatu nyuma baba alijikata mguu kwa jembe shambani Kisarawe. Kidonda kikaoza, naye akakataa katakata nimlete hospitali ya Tumbi, hapa Kibaha, kutibiwa. "Mguu ni wangu," alisema. Mguu ukamuua. Msibani watu walinong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa, nami nikawachukia wote.

Halafu watani wetu wakafanya kazi yao ya kuwaigiza marehemu na wafiwa, kama ilivyo desturi ya maziko kwetu. Mmoja alivaa kofia ya baba akachechemea uani: "Mguu wangu, nyie mna yenu!" Wafiwa walicheka huku wanalia. Mwingine akajifanya mimi. Alipiga goti kule mbali, akakunja mikono, akasema kwa sauti ya mbu: "Shikamoo, baba. Samahani, baba. Ukipata nafasi, baba, kama utapenda, twende hospitali."

Uani watu walivunjika mbavu. Mimi niliingia ndani kwa hasira, shangazi akanifuata. "Mtani hanuniwi, mwanangu," akasema.

Sasa nimesimama na chaki, sijui baba nimweke upande gani. Kwa mfalme hakai, alilima mihogo. Kwa mwindaji nasikia kicheko cha watani. Nikimwita shujaa najiona mwongo, nikimwita mkaidi naona aibu. Nilijaribu kuyapanga kichwani, yakazidi kuvurugika.

"Na wale waliowaonya, mwalimu?" Msichana yule yule. "Wao tuwaandike wapi?"

Nikasema mshauri alijilaza mbele ya farasi wa mfalme, na mke wa mwindaji aliuficha upinde, akalala kizingitini ili mumewe asitoke.

"Basi wao hawana lawama," akasema, akaketi.

Nilifuta ubao kabla ya kengele. Mimi nilimwonya baba mara moja tu, na nilianza kwa shikamoo.