Mtoto wa Chuo Mgongoni Kwangu

Haya nayasimulia huku natazama chini, maana mpaka leo nikipita sokoni Kasulu kuna mama mmoja muuza samaki wa migebuka akiniona tu anachungulia mgongo wangu, halafu anamgusa mwenzake kwa kiwiko, na mimi najifanya nimezama kwenye bei ya nyanya. Bora mnisikie mimi mwenyewe, kwa sababu wanaosimulia kwa niaba yangu wameshatia chumvi mpaka eti nilikutwa namnyonyesha huyo mtoto wa chuo. Sikumnyonyesha. Mengine yote ni kweli.

Nilikuwa nasoma uuguzi na ukunga, mwaka wa mwisho, pale Kasulu mjini, na nilikuwa na watoto watatu: mapacha wangu Bukuru na Butoyi (kwetu Waha mapacha hawatafutiwi majina, wanazaliwa nayo), na Chiza aliyewafuata, ambaye naye jina alilikuta linamsubiri. Huyo Chiza nilimzaa katikati ya masomo, na niliporudi darasani mkufunzi mmoja akaniuliza kwa upole kama nimekuja kuaga, nikamwambia hapana mwalimu, nimekuja kukaa mbele. Ndivyo nilivyo. Mtu akinionea ile huruma ya kunirudisha nyuma, damu inanichemka. Nilisoma huku nasonga ugali, daftari limeegemea mfuko wa unga, nikasoma huku nanyonyesha, nikawaimbia mapacha dalili za upungufu wa damu kama wimbo wa kubembeleza mpaka Butoyi akawa anamwambia kila mgeni anayeingia, "Hebu fungua jicho nione kama una damu." Na darasani sikuwa mkiani, waulizeni.

Lakini sitadanganya kwamba niliweza peke yangu. Mume wangu yuko Mabamba na biashara zake za mpakani, akija nyumbani ni kama sikukuu. Aliyenibeba ni mama mkwe wangu. Mama huyo aliacha shamba lake la maharage Munanila, akaja kukaa kwangu, mwanamke asiyependa mji hata kidogo, na siku aliyofika aliniambia neno moja tu: "Nakulelea mpaka ule mtihani wa mwisho. Ukipita, narudi kwenye maharage yangu. Ukianguka, narudi vilevile." Kwa hiyo mnaelewa. Kurudia mwaka kwangu haikuwa kurudia mwaka, ilikuwa ndio mwisho wa shule, maana watoto watatu ningewaacha na nani.

Sasa ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Asubuhi nimeshavaa sare nyeupe, nimenyooka, naaga, Chiza akanitapikia begani mpaka kiunoni. Sare ya pili ilikuwa kwenye kamba, mbichi. Nikasema siwezi kuchelewa kwa ajili ya maziwa yaliyoganda, nikafuta, nikajifunga kitenge juu ya sare, nikaondoka. Huo ndio uamuzi wenyewe, jamani, kitenge. Mama mkwe aliniita kutoka mlangoni, "Mama Bukuru, hicho kitenge ukivue kabla hujaingia," nami nikajibu, "Ndiyo, mama," kama tunavyojibu wote.

Sikukivua. Doa lilikuwa baya, na harufu je.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kumwogesha mtoto mchanga, na mtoto mwenyewe alikuwa mdoli wa chuo, tuliyekuwa tunamwita Furaha. Furaha si mdoli wa kuchezea. Amejazwa kitu ndani uzito wake ulingane na wa mtoto, shingo yake inalegea usipoishika, na macho anafumba ukimlaza na kufumbua ukimwinua. Chuo kizima kilikuwa na Furaha mmoja. Msimamizi wa mtihani alikuwa mzee mmoja mgeni, mkavu, wa miwani, alikitazama kitenge changu, nikamwambia, "Mtoto amenichafua, mwalimu," akaguna tu na kuandika.

Nikaanza kazi, na nasema kwa majivuno kabisa, nilimwogesha yule mdoli vizuri. Maji nikayapima kwa kiwiko, macho nikayafuta kutoka ndani kwenda nje, nikamkausha mpaka kwenye mikunjo ya shingo, nikamvalisha, nikamfunika. Ikabaki kumweka mtoto mahali salama na kusafisha vifaa. Sasa beseni limejaa maji, meza imelowa, na mimi nina mikono miwili tu. Mwanamke mwenye mapacha na kitinda mimba anafanya nini hapo? Hafikiri. Nikainama, nikamrusha Furaha mgongoni, nikafungua kitenge, nikamfunga, nikajipigapiga nyuma mara mbili kumtuliza, nikamwaga maji, nikafuta meza. Kengele ikalia. Msimamizi ameinamia alama zake. Nikasema, "Asante, mwalimu," nikatoka kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa tulishakatazwa kukutana na wanaosubiri.

Najua mtaniuliza, hukusikia uzito? Nilisikia. Ndiyo shida yenyewe, ule uzito nimeuzoea. Mimi mgongo ukiwa mtupu ndipo nashtuka. Na kifua kilikuwa kimejaa maziwa, kinauma, nawaza kufika kwa Chiza tu, nikapanda bodaboda. Tumefika karibu na soko dereva akatazama kwenye kioo akasema, "Mama, mtoto kichwa kimeanguka upande." Na mimi nikarudisha mkono nyuma, nikakiweka sawa kile kichwa, nikamjibu, "Mwache alale, jana hakulala kabisa." Niliyasema hayo kwa mdomo wangu, nikiwa na akili zangu, na muuza migebuka alikuwa hapo hapo akanisalimia na mtoto wangu, nikaitika.

Nikashuka kwenye duka la Mama Ashura, jirani yetu, watu wao asili ni Ujiji, mama wa heshima na maneno mazuri. Akatoka kunipokea, "Mashallah, na leo mmefunikana gubigubi," akaingiza mkono kwenye kitenge kumshika mtoto mguu. Nikaona uso wake umebadilika. Kumbe mguu alioushika ulikuwa wa baridi, mgumu. Akanishika mabega, akanikalisha kwenye benchi polepole, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaa, mwanangu. Kaa kwanza. Kazi ya Mungu haina makosa."

Mtu akikwambia hivyo, unaelewa nini? Mimi nikajua nyumbani kumetokea msiba. Nikamuuliza, "Nani, Mama Ashura? Ni nani?" naye akajifunika uso na mtandio, akalia. Basi na mimi nikalia. Sijui namlilia nani, mmoja wa mapacha, Chiza, mama mkwe, nawalilia wote kwa zamu. Yeye ananililia mimi, mimi nalilia nyumba yangu, na tulivyo watu wa huku, kilio kikipigwa hakuna anayebaki na jembe mkononi. Wakaja waliokuwa wanapeta maharage, wakaja mafundi baiskeli, wanaume wakavua kofia, mkeka ukatandikwa, mwenyekiti wa mtaa naye akafika na sauti yake ya mazishi. Wanawake wakanizunguka, kila mmoja anaunyooshea mkono mgongo wangu na kuurudisha, hakuna anayethubutu kunifungua.

Kule njiani akatokea mama mkwe, anakimbia, kanga imemlegea, simu yangu mkononi inaita (mtihanini simu haziingii, niliiacha kwake), na mgongoni kwake Chiza, mzima, anatafuna kiazi.

Niliruka kutoka kwenye mkeka. Nikamkumbatia Chiza hapo hapo mgongoni kwa bibi yake, nacheka, nalia, nashukuru Mungu, kisha nikaona kwamba ninayeshukuru ni mimi peke yangu. Watu wote wanamtazama Chiza, wananitazama mimi. Mama mkwe akanizunguka polepole, akasimama nyuma yangu.

"Mama Bukuru," akasema, "Chiza ninaye mimi. Huyu wako ni wa nani?"

Hapo ndipo nilipoushtukia ule uzito. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alishavuta fundo, na Furaha akainuliwa juu mbele ya waombolezaji wote, na akafumbua macho.

Sitawaeleza mbio zilizopigwa siku hiyo. Mwenyekiti wa mtaa aliingia dukani kupitia dirishani, na yule ni mtu mnene. Mama Ashura alisoma kila aya anayoijua.

Simu ikaendelea kuita. Alikuwa Sifa, mwenzangu wa darasani. "Mama Bukuru, Furaha yuko wapi? Mtihani umesimama. Msimamizi anasema kifaa kimeibiwa, na aliyekiiba mtihani wake unafutwa."

Kucheka kuliniisha. Nilimwona mama mkwe akiisikia ile simu, nikaona na Munanila imekaa machoni pake, maharage, mwisho. Nilitegemea anitukane. Akamfunga Furaha mwenyewe mgongoni kwangu, akakaza fundo, akasema, "Twende." Tukapanda mshikaki kwenye ile bodaboda, mimi na mdoli, yeye na Chiza, dereva hatazami kioo tena, na nyuma yetu nusu ya mtaa kwa miguu na baiskeli.

Chuoni wanafunzi walikuwa wamejaa madirishani. Nikapita katikati ya vicheko, nikasimama mbele ya msimamizi. Mama mkwe ndiye aliyesogea.

"Mwakeye, mwalimu," akamsalimia kwa Kiha. "Mwizi akiiba huficha. Huyu amepita nacho sokoni, amesalimiwa na watu wote, na msiba umewekwa. Mwizi gani huyo? Nimeacha shamba langu kulea watoto wake ili asome. Anawalaza daftari likiwa mkononi, yewe, mimi namwona. Kama kuna kosa ni la mgongo wake, na huo mgongo tumeuchosha sisi."

Nilikuwa nimeishi na mama huyo miaka yote hiyo, hajawahi kunisifu hata chumvi ya mboga. Nililia mbele ya chuo kizima na sikuona aibu ya hilo.

Msimamizi aliweka miwani yake sawa. Akanizunguka. Akatazama shingo ya Furaha ilivyokaa, akaingiza vidole chini ya fundo, akaangalia kama pua iko wazi. Akaniuliza, "Hatua ya mwisho kabla ya kusafisha vifaa ni ipi?"

"Kumweka mtoto mahali salama, penye joto, mwalimu."

"Wenzako wamemweka mezani," akasema. "Wawili wamemwangusha." Akaandika. "Hapo nimekupa alama zote. Ila za kurudisha vifaa mahali pake umepata sifuri, maana mtoto naye ni kifaa." Na hakucheka hata kidogo, mpaka leo sijui kama yule mzee ana meno.

Nilifaulu. Nataka mlisikie neno hilo vizuri, mimi mama wa watoto watatu, nilifaulu, na ile sifuri ikiwa humo ndani. Siku ya mahafali jina langu liliposomwa ukumbi mzima ulipiga kelele "Mama Furaha", na nikapanda jukwaani kichwa juu. Chuoni, nasikia, siku hizi mdoli anafungwa kamba mguuni na kwenye mguu wa meza, na kila mwaka wanafunzi wapya wakiuliza kamba ya nini, wanasimuliwa mimi. Na mimi nilishaapa: sare ikichafuka nitakwenda nayo hivyo hivyo ilivyo, na hakuna mlango ninaotoka bila kupapasa mgongo kwanza.

Nilipopangiwa zahanati, huko upande wa Kibondo, mama mkwe alifunga mzigo wake siku ile ile kurudi Munanila, kama alivyosema. Mapacha walikuwa wameshapanda gari. Akamshusha Chiza mgongoni kwake, taratibu, akamweka mgongoni kwangu, akanifunga kitenge yeye mwenyewe, akakaza fundo na kunipiga bega.

"Huyu ndiye wako," akasema. "Nimemaliza."

Akageuka kwenda kutafuta gari lake, na nikamwona anarudisha mkono nyuma, anapapasa mgongo wake.