Asizikwe kwa Sauti ya Mimbarini

Simu ililia Janeal akiwa na mikono iliyojaa maganda ya pichi. Sufuria kubwa ilikuwa inachemka, chupa zimepangwa juu ya taulo, na jikoni kote kumetanda mvuke mtamu wa Septemba. Aliibana simu kati ya bega na shingo.

"Janeal, dada yangu mpendwa," sauti ilisema polepole, laini, ikitetemeka kila mwisho wa neno. "Asubuhi hii ya neema, baba yetu mpendwa... amevuka pazia."

Janeal alidhani kaka yake anafanya mazoezi ya hotuba. Thayne alikuwa askofu wa kata moja, kama kanisa lao linavyouita usharika, kule Provo, na alikuwa na tabia ya kumpigia simu dada yake ili amjaribishie mahubiri.

"Thayne, nina pichi motoni. Ongea kama mtu."

Kisha, kwa sauti kavu ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka mingi, kaka yake akasema, "Baba amekufa, Jani. Nilikuja kumpeleka kwa daktari, nikamkuta kwenye kiti chake. Alikuwa ameshavaa buti."

Janeal akazima jiko. Akakaa sakafuni palepale, akalia mpaka maji ya pichi yakamkaukia mikononi. Na kilio kilipopungua, jambo la kwanza lililomjia moyoni lilikuwa ahadi aliyompa baba yake.

Ilikuwa mwezi Juni, zamu ya baba yao, Deloy Mickelson, kumwagilia shamba kwa maji ya mfereji. Mzee alisimama kwenye ukingo wa mfereji, koleo begani, akiyatazama maji yanavyoingia kwenye majani ya ng'ombe. Watoto wake wawili walikuwa wamekuja kumsaidia kuinua lango la mbao.

"Nikifa, Thayne ndiye atakayeliweka wakfu kaburi langu," alisema, kana kwamba anaagiza misumari. "Lakini kwa sauti yake mwenyewe. Ukiniletea ile ya mimbarini, mwanangu, nitagonga jeneza kutoka ndani."

"Baba, usiseme hivyo," Thayne alisema.

"Nitagonga! Watu wakimbie, viazi vyote vya matanga vibaki."

"Nitahakikisha, Baba," Janeal alisema akicheka.

"Umeahidi wewe," mzee akasema, na hakucheka.

Asiyewajua watu wa bonde la Sanpete angeona huo ni mzaha wa uzee. Lakini Deloy alikuwa na sababu, maana sauti hiyo aliwahi kuivaa mwenyewe.

Alikuwa mfugaji wa bata mzinga, mtu wa kupayuka tangu utoto, kwa kuwa anayeishi na bata elfu kadhaa hawezi kunong'ona. Katika kanisa lao mkulima wa kawaida huweza kuitwa kuongoza kata kwa muda, na siku alipoitwa kuwa askofu, alipanda mimbarini akafungua kinywa, na mkewe LaRue akageuka kutazama ni nani aliyesimama pale. Sauti ilikuwa imeshuka, imelainika, kama ya mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Maneno yalivutwa kama unga wa mkate. "Ndugu na dada zangu wapendwa," alisema, akanyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa. Akaishuhudia imani yake kwa kila uzi wa nafsi yake. Akamshukuru LaRue, "mwenzi wake wa milele." Chozi likamtoka pale pale ambapo machozi ya wakubwa wake hutoka.

Hakuwa mnafiki. Viongozi wote aliowaheshimu tangu akiwa mdogo walisema hivyo, naye aliogopa. Aliona hawezi kubeba mzigo mtakatifu kwa koo la kuitia bata. Kwa hiyo akaazima sauti ya wengine, kama mtu aazimavyo koti la kwendea harusini.

Tatizo ni kwamba koti lile halikuachwa kanisani. Lilirudi nyumbani. Jioni moja mezani Deloy akasema, kwa upole wa kutisha, "LaRue mpendwa, ningekuwa mtovu wa shukrani kama nisingeomba siagi."

LaRue akaweka uma chini. "Askofu aende akale kanisani. Mimi namtaka mume wangu, ndiye nitakayempa siagi." Watoto walicheka mpaka Thayne akapaliwa na maziwa.

Lakini aliyemponya alikuwa Dada Ottosen, jirani yao na muumini mwenzao. Mumewe, Gaylen, alipinduka na lori la kondoo kule korongoni akafa, na askofu akaenda kumfariji mjane. Janeal, aliyekuwa msichana wa shule, alifuatana naye akiwa amebeba mkate. Alimwona mama yule amekaa wima kama mti, macho makavu, mikono juu ya magoti.

"Dada Ottosen mpendwa," Deloy alianza, akivuta maneno, "katika majira haya ya huzuni nyororo..."

"Deloy," mama akamkatiza, "aliyekufa ni Gaylen au ni wewe?"

Mama hakungoja jibu.

"Nimeletewa watu wa sauti hiyo tangu jana. Wote ni wema, na sijamsikia hata mmoja. Nenda ukamlete yule jirani aliyekuwa akigombana na mume wangu kwa sababu ya maji ya mfereji. Huyo ndiye aliyemjua."

Deloy alivua kofia. Akavuta kiti, akakaa, akajikuna kichwa. Kisha akapayuka kwa sauti yake ya zizini: "Gaylen aliniibia maji kiangazi kizima, Margit! Kiangazi kizima! Na nilipovunjika mguu, yeye ndiye aliyewalisha bata wangu, na hakusema neno."

Dada Ottosen akaanza kucheka. Alicheka akashika tumbo, kisha kicheko kikageuka kilio, na askofu akalia naye kwa mlio mbaya wa kweli, kamasi na yote. Waliporudi nyumbani, langoni akamgeukia binti yake.

"Nguo ya kuazima haisitiri, Jani," alisema.

Tangu siku hiyo hakuivaa tena. Rais wa kigingi, aliye juu ya maaskofu wote wa pale, alimwita akamshauri kwa upole kwamba watu wanahitaji kuusikia utakatifu wa wito wake.

"Rais," Deloy alijibu, "Mungu amenisikia nikiita bata tangu nikiwa mtoto. Nikibadili sauti sasa, atauliza huyu ni nani."

Rais alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka. Na kata ikaona matunda yake. Wazee waliokuwa wakisinzia waliamka. Wanaume ambao hawakukanyaga kanisani tangu ujana wao walimfuata bandani, wakaegemea magunia ya chakula cha bata, wakaungama dhambi zao, kwa sababu mtu waliyemkuta pale alikuwa yuleyule wa Jumapili. Mpaka anapumzishwa kwenye wito huo, hakuna aliyetamani tena askofu mwenye sauti ya chini. Walimwita askofu wetu.

Sasa siku ya mazishi ilikuwa imefika, na Janeal alimkuta Thayne kwenye jiko la kanisa, kati ya sinia za viazi vya jibini na bakuli la jeli ya kijani, amejishika kwenye sinki.

"Unakumbuka alichosema?" Janeal aliuliza.

"Nakumbuka. Ndiyo maana nimejificha hapa." Thayne alifuta uso. "Siipati, Jani. Sauti yangu. Nikifumba macho kusali, ile nyingine inakuja yenyewe. Sijui hata kama yangu bado ipo."

"Ipo. Niliisikia kwenye simu."

"Na isipokuja?"

"Basi mimi nipo."

Makaburini upepo ulikuwa unatoka milimani, nyasi zimeanza kuwa za manjano. Jeneza lilikaa juu ya kaburi, familia ikalizunguka. Dada Ottosen, sasa kikongwe, alikaa mstari wa mbele na fimbo yake. Thayne alikunja mikono, akainamisha kichwa.

"Baba yetu wa Mbinguni mwenye rehema," alianza, na sauti ikashuka, ikalainika, ikatetemeka mwishoni. "Katika saa hii takatifu na nyororo..."

Janeal alinyoosha mkono, akagonga jeneza kwa vifundo vya vidole. Ko, ko, ko.

Mtu mmoja akashtuka, akaruka nyuma. Thayne alifumbua macho, akamwona dada yake, mkono wake bado uko juu ya mbao. Dada Ottosen akatoa kicheko kimoja kikubwa. Na Thayne akacheka, akacheka mpaka machozi yakamshuka, na alipopata pumzi, sauti iliyotoka ilikuwa ya mkwaruzo, ya juu, ya zizini. Ilikuwa yake mwenyewe, ya baba yao tupu.

"Baba," alisema, "huyu ni Deloy. Unamjua, amekupigia kelele miaka yote. Alitupenda. Asante kwa kutupatia yeye. Kwa mamlaka ya Ukuhani wa Melkizedeki, ninapaweka wakfu mahali hapa, pawe pumziko la mwili wake mpaka asubuhi ya Ufufuo. Mtunze. Tunamtaka tena. Katika jina la Yesu Kristo, amina."

Amina iliyoitikiwa ilisikika mpaka barabarani.

Wajukuu waliobeba jeneza walivua maua vifuani, wakayaweka juu ya kifuniko. Jeneza likashushwa. Thayne alitupa udongo, Janeal akatupa wake. Kisha wakashikana mikono, wakamsaidia Dada Ottosen kuinuka, wakarudi kanisani kula.