Gitaa Chini ya Kitanda cha Mama

Gitaa la baba lilikuwa linakufa chini ya kitanda cha mama huko Columbus, na mimi nilikuwa Louisville nikimfunga mzee wa watu vifungo vya shati. Hiyo ndiyo habari yote ya mwaka ule. Nikiosha, nikipika, nikiendesha gari, roho iko juu, maana nilijua kuna mbao zinapasuka mahali, na mwenye ruhusa ya kuzigusa ni mama, na mama akisema hapana, ni hapana.

Mimi sina subira. Mama husema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono. Tulilelewa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi na mdogo wangu wa kiume, Warundi wa kambi, na kambini ukikosa subira unakosa hata maji, kwa hiyo sijui nilikuaje. Baba alikuwa mpiga gitaa wa kwaya. Siku moja alivuka mpaka kwenda Burundi kuangalia shamba letu, akasema atarudi kabla ya Jumapili kwa sababu kwaya ilikuwa na wimbo mpya. Hakurudi. Hatukuletewa mwili, hatukuonyeshwa kaburi, hata mtu wa kusema nilimwona mahali fulani hatukumpata.

Sasa, kwetu mtu akifa nyumba inaingia matanga, na matanga yana mwisho wake. Watu wanakutana, mkubwa mmoja anasimama kusema maneno, kinywaji kinazunguka, na kuanzia hapo ni ruhusa: ruhusa kuoa, ruhusa kucheza, ruhusa kupiga ngoma. Lakini utaanuaje matanga ya mtu ambaye hukumzika? Mama alilifunga gitaa kwa kitenge, akasema halitaguswa mpaka siku hiyo, na siku hiyo haikuja. Sisi watoto tulioa na kuolewa, mchungaji akatuombea, tukasamehewa. Gitaa halikusamehewa. Lilipanda ndege nasi kuja Amerika likiwa limefungwa vile vile. Tulipotawanyika kutafuta kazi, mimi nikaja Louisville, huku upande wa Shively, mdogo wangu akaenda kiwandani Buffalo, mama akabaki Columbus na kanisa lake, na gitaa likabaki na mama.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Mzee wangu wa wakati huo alikuwa Myahudi, amefiwa na mke, anaishi peke yake, miguu imekataa lakini ulimi unafanya kazi ya watu watatu. Nilipomwambia mama kwenye simu, hakuamini. Kanisani kwetu Myahudi ni mtu wa kwenye Biblia. Aliniuliza, Myahudi kabisa, uzao wa Ibrahimu, na wewe ndiye unamkata kucha? Nikamwambia kucha zake ni ngumu kama za mtu mwingine yeyote. Akanionya nisimjibu ovyo, nisije nikapata laana. Na kujibizana ndiyo ilikuwa kazi yetu, mimi na yule mzee, kutwa nzima, chumvi imezidi, hita imezidi, dawa si saa yake.

Asubuhi moja nikakuta mshumaa umewashwa jikoni ndani ya glasi, hauna mtu, mzee yuko sebuleni na gazeti lake. Nikamkaripia. Nyumba ikiungua nitaulizwa mimi, si yeye. Akasema uache uwake mpaka kesho, ni wa baba yake. Ndipo akanieleza. Alikuwa mtoto mdogo Ulaya wakati wa ile vita, Wayahudi walipokuwa wanakusanywa na kuuawa. Baba yake alikuwa mpiga fidla, hiyo wengine wanaiita violini. Walimchukua asubuhi, na hakuna aliyemwona tena. Mama na mtoto walifichwa na watu, wakaokoka. Fidla ilibaki kwa jirani, ikawafuata Amerika baadaye, kifua kimepasuka. Kaburi hakuna. Hata siku ya kufa hawakuijua, kwa hiyo mama yake alichagua siku moja kwenye kalenda, na kila mwaka siku hiyo mshumaa unawashwa.

Nilikaa. Nilikuwa na kitambaa cha vyombo mkononi nikawa nakikamua tu, na hakikuwa na maji. Nilitaka kumwambia habari za baba yangu, badala yake nikamuuliza fidla yenyewe iko wapi. Akasema iko kwa fundi.

Kumbe aliiweka kabatini maisha yake yote bila kuitengeneza, na sasa uzeeni ndiyo ameitoa. Kuna watu wanaotafuta vyombo vya muziki vilivyoachwa na Wayahudi wale, wanavitengeneza, kisha vinapigwa mbele ya watu ili wenye vyombo wakumbukwe. Fidla ya baba yake ingepigwa na binti mmoja kwenye sinagogi pale pale Louisville, Jumapili alasiri, pamoja na nyingine. Siku chache kabla ya hapo mzee akataka kuiona, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ndani kwa fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa maneno. Fidla ilikuwa imekwisha kufungwa, lakini alitupa kioo kidogo na tochi tuchungulie kupitia tundu lake. Mle ndani niliona vipande vya mbao vidogo vidogo vimebandikwa juu ya ufa kwa gundi, kimoja baada ya kingine. Pale baba wa mzee alipokuwa anaegemeza kidevu rangi imelika, na hapo fundi hakupagusa, mzee alimkataza. Nikamuuliza fundi, gitaa la mbao likikaa miaka chini ya kitanda, kwenye nyumba ya hita, inakuwaje? Akaacha alichokuwa anafanya. Akasema hewa kavu ya majira ya baridi ndiyo inayoua, gundi inaachia, mbao zinapasuka, na ukichelewa sana unabaki na pambo la ukutani. Akaniuliza ni la nani. Nikasema la baba.

Tangu hapo sikutulia. Nilimpigia mama ningali nimepaki nje ya duka la fundi, mzee yuko pembeni anasikiliza lugha asiyoijua. Mama akasema hapana. Kesho yake nikapiga tena, nikamwambia majira ya baridi yanakuja, gitaa halitavuka mwaka huu. Akanijibu kwa methali, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yaani naropoka kwa sababu si mimi niliyeachwa. Nikampigia mdogo wangu, maana yeye ndiye baba aliyemwekea vidole kwenye nyuzi akiwa bado hajaota meno ya pili, nikamwambia aseme naye. Akasema tumwache mama. Huyo naye, ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza kama mama anajua. Nilimkatia simu.

Mara ya tatu sikuomba kitu. Nilimsimulia mama habari za mzee tu, mwanzo hadi mwisho, mpaka Jumapili ile. Akauliza, hana kaburi? Nikasema hana. Akauliza, na itapigwa? Nikasema itapigwa. Akasema atakuja. Nilifurahi mno, nikajua maneno ya fundi yamemwingia.

Jumapili hiyo mdogo wangu alimchukua mama Columbus, mama akiwa ameacha ibada katikati, jambo ambalo hata malaria haikuwahi kumlazimisha. Nikawangoja nje ya sinagogi, namsogeza mzee kivulini, namrudisha juani, mpaka akaniambia niache kumpaki. Mama akashuka. Amevaa imvutano, lile vazi letu la sherehe, jeupe, limefungwa begani. Nyuma ya gari kuna sufuria ya maharage, sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, wali, na kreti ya soda. Nikamwambia, mama, hatukualikwa harusi. Akasema asiyejua maana haambiwi maana, akaagiza sufuria zishushwe.

Mwanamke mmoja wa jikoni pale akatuzuia kwa upole. Jiko lao lina sheria zake za dini, chakula cha nje hakiingii. Nilitafsiri huku uso unaniwaka. Mama alitazama sufuria zake, akanitazama mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema, na hapa mwenyeji hataki kupona. Mdogo wangu akarudisha kila kitu garini, na nikaona anafunika kitu kwa koti lake kule nyuma. Sikuuliza, nilikuwa na hasira.

Ndani tulikaa mstari wa mbele kwa sababu ya mzee. Kabla ya kila chombo kupigwa, mtu alisema kilikuwa cha nani na mwenyewe alipotelea wapi. Kanisani kwetu muziki ukikugusa unasimama, unapiga vigelegele, unakwenda kumfuta mpigaji jasho. Pale hata kukohoa watu walikohoa kwa aibu. Ikafika zamu ya fidla ya mzee. Binti akaegemeza kidevu pale pale palipolika, akapiga. Mzee alikuwa anagonga goti lake kwa kidole, nje kabisa ya mdundo, mdomo wazi. Mimi nilitaka binti aache na nilitaka asiache, vyote kwa pamoja, nikajikuta nimeshika breki ya kiti chake kana kwamba kinateremka mlima. Nilimwonea wivu mzee. Naliandika kama lilivyo. Mama alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, hapepesi macho.

Watu walipoanza kusimama, mama aliwatangulia wote. Akaenda mbele ya mzee, akashika mikono yake yote miwili, akaanza kusema kwa sauti ya mtu mzima mbele ya wafiwa. Na hapo, Mungu wangu, ndipo nilipoelewa sufuria, na soda, na imvutano. Mama hakuja kusikiliza muziki. Alikuja kwenye kuanua matanga.

"Mzee, umelia vya kutosha," alisema. "Hukumwona, hukumzika, lakini leo chombo chake kimepigwa mbele ya watu. Mimi mkubwa mwenzako nakuondolea matanga. Na mume wangu naye hana kaburi. Nimekuja tuwafungie matanga pamoja, wako na wangu, nami nikapumzike."

Nilikuwa na hiari ya kutafsiri nusu. Foleni ya watu waliotaka kumpa mzee mkono ilikuwa imesimama nyuma yetu inangoja. Nikatafsiri yote, na nilipofika kwenye maneno nami nikapumzike nikamgeukia mdogo wangu, akamalizia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu akimtazama mama yangu, si mimi.

"Mwambieni asante. Lakini sisi hatufungi. Mwakani nitawasha mshumaa tena."

Mama akaniuliza kama nimetafsiri sawasawa. Nikasema ndiyo.

"Hajamaliza?"

"Hajamaliza, mama."

"Na bado imepigwa?"

"Umesikia mwenyewe."

Aliachia mikono ya mzee taratibu. Alikuwa amekuja kutoka Columbus kutafuta mwisho, na huyu mwenye Biblia yake anamwambia mwisho haupo. Nilimwona anazeeka pale pale. Nilitaka kumgombeza mtu, sikuwa na wa kumgombeza. Akauliza jambo moja tu zaidi, kama hamkujua alikufa lini, siku ya mshumaa mliitoa wapi? Mzee akasema mama yake aliichagua. Mama akatikisa kichwa, akaenda nje peke yake.

Tulimkuta amesimama nyuma ya gari, ameshafungua. Alitoa koti la mdogo wangu, akatoa kile kilichofunikwa, na kabla hajakifungua nilikitambua kile kitenge. Alikuwa amelileta. Alikuwa amelipanga lifunguliwe baada ya maneno, mbele ya watu wote, matanga yakiwa yameanuliwa. Sasa alikuwa nalo mikononi na matanga yapo palepale. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno.

Kifua cha gitaa kilikuwa na ufa kutoka tunduni hadi chini, shingo imeinuka, nyuzi mbili ndizo zilizobaki. Nikaanza kupiga kelele zangu, nilisema, nilisema, hewa kavu, nilisema. Mama akainua kiganja nikanyamaza.

"Mimi sijamaliza," alisema. "Tena sitamaliza. Mpelekee huyo fundi wako."

Tulikula pale pale penye magari, kwenye sahani za karatasi, mzee naye kwenye kiti chake, amekula maharage, sombe akaiacha akisema imekosa chumvi. Chumvi ile ile anayonigombeza nayo kila siku.

Fundi alikaa nalo majira yote ya baridi. Mimi nilikuwa napita pale kila wiki kumsumbua, mpaka akaniomba niwe napiga simu kwanza. Lilipokuwa tayari nilimpa mdogo wangu alipokuja, nikalifunga mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari lake, akaondoka nalo kwenda Buffalo. Mshumaa mama aliukataa, alisema hayo si ya kanisani kwetu. Siku aliichagua. Alichagua siku baba aliyotoka nyumbani, kwa sababu hiyo, alisema, ndiyo anayoijua.

Siku hiyo ilipofika tuliungana watatu kwenye simu. Mama Columbus, amepika, nasikia mfuniko wa sufuria. Mdogo wangu Buffalo, ametoka shifti. Mimi Louisville ndani ya gari, nje ya nyumba ya mzee, nimechelewa kuingia kazini na najua atanisema. Mdogo wangu akapiga ule wimbo mpya wa kwaya, ambao haukuwahi kuimbwa Jumapili ile. Alikuwa amefundishwa na baba wiki ya mwisho, kitoto, na miaka yote hakuthubutu. Vidole vilikuwa vinajikwaa. Hakuna aliyelia. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono, nangoja mama aseme basi, inatosha.

Mama akamkatisha.

"Hapo unakimbia," alisema. "Baba yako hapo alikuwa anangoja kwaya ivute pumzi. Rudia."

Akarudia. Mlangoni mzee alikuwa amejisukuma mpaka kizingitini, ananipungia mkono kwa hasira, akionyesha saa yake. Nilimwonyesha kiganja angoje, na nikashusha kioo cha gari ili naye asikie.