Vitunguu vya Mayu Kija

Milembe alikuwa fundi cherehani pale Bariadi, mzaliwa wa Zagayu, na jikoni hakuwahi kupapenda. Alipika ili watu washibe, basi. Kwa hiyo mama mkwe wake, Kija, ambaye alimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alipoletwa kutoka Nkololo kuuguzwa, akatoka hospitali amepona lakini hali chakula, mzigo ulimwangukia vibaya.

Ugali aliusukuma pembeni. Wali, aliuangalia tu. Maziwa ya mgando ambayo amekunywa maisha yake yote, alisema yananuka. Siku ya nne Milembe alichuchumaa mbele yake.

"Mayu, sema basi unataka nini."

"Vile vya Lamadi," alisema Kija.

"Vipi hivyo?"

"Vitunguu vya duara, vya kukaanga. Mwanangu Mayige alininunulia hotelini. Ukitafuna vinalia."

Milembe alikuwa na gauni la bibi harusi mezani, halijatiwa hata mikono. Aliliacha, akakata vitunguu, akakoroga unga wa ngano na maji, akachovya, akatumbukiza kwenye karai. Unga ukachomoka kama soksi iliyolegea. Vitunguu vikabaki uchi upande mmoja, maganda ya unga yakaelea upande mwingine.

Kija alionja. "Hivi havilii."

Mara ya pili aliongeza yai na bekingi pauda. Safari hii unga ulishika, lakini vikanywa mafuta hadi vikalegea kama mandazi yaliyonyeshewa. Kija alikiinua kimoja kwa vidole viwili, kikajikunja, akakirudisha kwenye sahani na kujipangusa vidole. Huko kujipangusa kulimuudhi Milembe kuliko matusi.

Alimpigia simu mumewe, Mayige, dereva wa lori la pamba, ambaye kwa bahati alikuwa Lamadi.

"Nenda kwenye ile hoteli uliyompeleka mama yako. Uliza wanavikaangaje vile vitunguu."

Baada ya muda alipiga. "Wanasema wanaweka unga."

"Mayige! Unga najua! Mpe simu mpishi!"

Mpishi, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, hakupoteza maneno. "Vitunguu ulivikausha?"

"Kuvikausha?"

"Vina maji, dada. Vipanguse kwa kitambaa, vigaragaze kwanza kwenye unga mkavu. Rojo likoroge kwa maji ya baridi sana, liwe zito, usilipigepige. Mafuta yachemke kwelikweli, na usijaze karai. Wewe ulijaza, sivyo?"

Milembe alimshukuru harakaharaka, akakata simu.

Alikwenda kwa jirani yake Jenifer kuomba maji ya friji, akarudi, akapangusa kila duara kwa kipande cha kitambaa cha pamba huku akisonya. Alichochea mkaa. Alitia maduara matatu tu. Mafuta yakamrukia mkononi, akapiga kelele, akalaani hoteli, Lamadi na barabara iendayo huko. Lakini unga uliganda, ukavimba, ukageuka rangi ya dhahabu. Alipoyagonga maduara kwa kijiko, yalilia kama magamba makavu.

Kija alitafuna. Kru! Akafumba macho. Akachukua cha pili, cha tano, akamaliza sahani na kulamba chumvi vidoleni.

"Ongeza," alisema.

Milembe alikaanga hadi vitunguu vikaisha, jasho likimchuruzika, hasira na furaha zikigombana kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, bibi huyo aliomba maji, akaomba mto, akaomba simu, akazungumza na mwanawe kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu mzima wa afya.

Kisha Mayige akaomba mkewe apewe simu.

"Mama anasema kesho nimpitie shangazi Mboje kule Nkololo. Anataka naye aonje."

Milembe aliliangalia gauni lisilo na mikono, akauangalia mkono wake ulioungua.

"Mpitie," alisema. "Na vitunguu uje navyo. Utavimenya wewe, utavikata wewe, na utalia wewe."